Marahaba

Mwezi wa nane, upepo wa Dodoma unakwangua.
Nimepanga zabibu zangu kwenye beseni,
pale Mpunguzi, kando ya njia ya Iringa,
sigara ya tatu mdomoni na jua halijapanda.
Gari jeupe likasimama. Mama akashuka.
Nikakizima kipande kwa kidole, nikakificha nyuma ya sikio.
Akainama kidogo, kwa adabu:
"Shikamoo, baba."

Nilimtambua kwa mwanya.
Sechelela. Dawati la pili, dirishani.
Mimi ndiye niliyemwagia wino daftari la jiografia.
Tumezaliwa mwaka mmoja,
yeye mvua ikianza, mimi mvua ikikata.
Ni dada yangu kwa miezi minne.

Ulimi ulikuwa na mengi.
Ulisema: "Marahaba."

Nikalitamka kama mtu anayetia saini deni.
Na deni ni langu kweli, nililikopa moja moja,
mia mbili, mia mbili, dukani kwa Mgonela.

Miaka yote nimelisingizia jua.
Jua la Ugogo, nasema, halina simile,
na upepo huu, na vumbi, na chumvi ya maji ya kisima.
Lakini kaka Chedego anachunga kwenye jua hilohilo,
anakula vumbi hilohilo, amenizidi miaka tisa,
na shavu lake linang'aa kama kibuyu kilichopakwa samli.
Wageni hutuuliza: mkubwa ni nani hapa?
Yeye hucheka.
Mimi hutafuta kiberiti.

Mwaka jana jembe lilinikata ugoko.
Kidonda kikakaa, wiki ya tano, ya sita,
kama mgeni asiyejua kuaga.
Tabibu wa zahanati akavishika vidole vyangu vya manjano,
akavinusa (haki ya Mungu, alivinusa),
akasema: "Mishipa midogo umeibana mwenyewe.
Damu inafika kwenye ngozi kwa kuchelewa,
kama mwanafunzi anayetoka mbali:
akifika, uji umekwisha."
Nikacheka. Nikatoka nje. Nikawasha.

Sasa Sechelela anachagua.
Anabonyeza zabibu moja, anabonyeza nyingine,
zilizonywea anaziweka kando bila kuzitukana.
Naitazama mikono yake: ngozi ikibonyea, inarudi.
Yangu ikibonyea, inafikiri kwanza.
Na kwenye kioo cha pembeni cha gari lake
naona mdomo, nadhani ni wangu,
mikunjo imeuzunguka kama mfuko uliokazwa kamba.
Miaka ishirini na miwili ya kufyonza.
Hata nikinyamaza, unafyonza.
Na rangi hii ya jivu imetoka wapi?
Mama alinizaa mweusi,
mweusi wa kupakwa mafuta ya karanga kila Jumapili
nikang'aa hadi mchungaji akatabasamu.

Nilidhani mvutaji ni mimi.
Kumbe kamba ina upande wa pili,
na huko kuna anayevuta mashavu, anayevuta kope,
anayeivuta miaka isiyo zamu yake
ije ikae usoni pangu mapema.

"Umri huu, baba, bado unakaa juani?
Watoto hawakusaidii?"
Kifungua mimba wangu yuko darasa la sita.
Nikasema: "Wananisaidia."
Nikamwongezea vichala viwili, vile vinene.
Si ukarimu. Ni wino ule.

Akatoa noti. Nikapapasa mifukoni nitafute chenji.
"Kaa nayo, mzee wangu. Ukanywe chai."
Gari likaondoka na vumbi lake
na jina langu, ambalo hakuliuliza.

Elfu mbili kiganjani.
Kwa Mgonela ni sigara kumi.
Kwa mama lishe ni chai kweli, na maandazi,
na chenji ya kumpelekea mtoto peni.
Nimesimama katikati, sijui miguu inaelekea wapi,
na nyuma ya sikio
kile kipande bado kina joto.